Mapezi Manne ya Wendell Froese

Kwa miaka ishirini na sita, hakuna roketi iliyopaa kutoka malisho ya akina Goering bila kupita kwanza mikononi mwa Wendell Froese. Roketi zenyewe ni za kujifurahisha tu. Mwili ni bomba la karatasi ngumu, kichwa ni cha plastiki, mkiani kuna mapezi matatu au manne ya mbao nyepesi, na ndani yake kuna injini ya baruti, ya kununua dukani, ukubwa wa kidole gumba. Ikiwashwa hupanda mita mia mbili au mia tatu, hufungua parachuti, hurudi chini polepole. Watu wazima wenye akili zao huzijenga majira yote ya baridi, theluji inapowafungia ndani, na kila Jumamosi ya pili ya mwezi, upepo wa Kansas ukikubali, huzipakia nyuma ya gari na kuzileta malishoni.

Lakini kabla ya kurusha kuna meza. Ni meza ya kukunja, imewekwa chini ya turubai, na nyuma yake alikaa Wendell na kalamu nyekundu. Mrushaji alipanga foleni na roketi yake na kadi yenye jina lake. Wendell aliichukua roketi, akatikisa pezi moja moja kama anayetafuta jino bovu, akaitazama kutoka mkiani kwa jicho moja, akailaza juu ya kidole kuona inakaa sawa wapi. Akiridhika alisaini kadi. Asiporidhika alisema, "Rudi nayo," na hapo hata ulie machozi ya damu, siku hiyo hurushi.

Aliwarudisha wakulima, walimu, na askari mmoja aliyekuja na sare zake. Mchungaji wa kanisa lake mwenyewe alirudishwa mara mbili kiangazi kimoja, na Jumapili iliyofuata akahubiri juu ya kuwavumilia watu wagumu, macho yake yakiwa kwenye benchi la tatu, alipokaa Wendell. Wendell hakutambua kwamba anasemwa yeye. Alidhani mchungaji anamsema mtu mwingine.

"Huyu akifika mbinguni," mkewe Twila alizoea kusema, "atakagua bawaba za lango kwanza ndipo aingie."

Tuseme ukweli, hakuwa mkali kwa kupenda ukali. Roketi yenye mkia mzito haiendi juu. Huanza vizuri, hufika urefu wa mti, kisha hugeuka na kutafuta njia yake yenyewe, baruti ingali inawaka, na pale malishoni watu wamekaa kwenye viti vya kukunja na watoto wamelala chali kwenye nyasi. Katika miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kuchubuka hata ukucha. Wendell hakulisema hilo hadharani, ila alikuwa na hesabu yake kichwani, na kila Jumamosi jioni, akikunja meza, aliiongeza siku moja.

Kazi yake ya maisha ilikuwa makabati. Miaka thelathini na minane alipiga msasa na vanishi makabati ya jikoni katika karakana moja mjini kwao, na nusu ya wanawake wa wilaya ile hufungua kila asubuhi milango iliyopita kwenye vidole vyake. Wakialikwa chakula kwa watu, kabla hajaketi alipitisha kidole kwenye mlango wa kabati la mwenyeji, juu mpaka chini, na Twila alimfinya.

"Umekuja kula au umekuja kukagua?"

"Vyote viwili."

Mikono ilianza kumsaliti mwaka aliotimiza sabini. Kwanza ni kijiko, halafu kikombe cha kahawa, halafu ile kalamu nyekundu. Daktari alimpima na kumwambia si ule ugonjwa anaouogopa. Ni mtetemo tu unaowapata watu wa umri wake, na hauui. Wendell alitoka pale akiwa amenuna. Garini alimwambia mkewe kwamba mtu akifa angalau watu hunyamaza.

Watu wa kule ni wapole. Hawakumwambia kitu. Waliambiana wao kwa wao, maegeshoni, wakijifanya wanafunga milango ya magari.

Machi mwaka ule, theluji ya mwisho ikiwa bado pembezoni mwa barabara, Lyle Buller alifika nyumbani kwake. Lyle ni mkulima wa ngano na mwenyekiti wa klabu. Alikuja na sahani ya mikate iliyojazwa nyama na kabichi, kapika mkewe, na Twila alipoiona sahani alijua mara moja kuna jambo, kwa sababu mkewe Lyle hapiki bure.

"Wendell, ndugu yangu," Lyle alianza, akizungusha kofia mikononi. "Kamati imekaa."

"Kamati ni wewe, mkeo na Janelle."

"Ndiyo. Tumekaa."

"Haya. Mkaonaje?"

"Tumeona labda upumzike. Janelle akae mezani. Si umemfundisha mwenyewe?"

"Nimepitisha roketi gani mbovu?"

"Hakuna."

"Basi?"

Lyle alitazama sahani. "Mwezi uliopita ulilivunja pezi la mtu, Wendell. Ukilitikisa."

"Lilibandikwa vibaya."

"Labda," alisema Lyle. Ile "labda" ilimchoma Wendell kuliko kama angetukanwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, karibu na kijiko, na kijiko kilikuwa kikigonga sahani kwa sauti ndogo. Hakuna aliyekitazama. Wote watatu walikisikia.

"Nisikilize," Wendell alisema. "Julai nitaleta roketi. Nimeikata mwenyewe, nimeibandika mwenyewe, nimeipaka mwenyewe. Mtaangalia mapezi. Mkiona mkono wa mgonjwa, Janelle akae, na sitasema neno. Msipouona, msinitajie tena habari ya kupumzika mpaka nife."

"Na iruke," alisema Lyle.

"Roketi yangu isiruke?"

Wakapeana mikono. Huko kwao mkataba wa namna hiyo unazidi wa mwanasheria.

Aprili akashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, akawasha taa, akafunga mlango. Alikuwa hajajenga roketi kwa miaka minne.

Kukata hakukumpa shida. Mbao ya pezi lazima ikatwe nyuzi zake zikifuata ukingo wa mbele, la sivyo pezi linakatika kama biskuti, na hilo halihitaji mkono mtulivu. Linahitaji macho na rula nzito. Alikata manne. Alipoyapanga pamoja hayakupishana hata unene wa karatasi. Akapiga mluzi.

Kubandika ndiko kulikomtoa jasho. Namna yake, aliyoifundisha klabu nzima, ni kupaka gundi nyembamba kwenye mzizi wa pezi na kwenye mstari uliochorwa juu ya bomba, kuacha zote zikauke, kisha kupaka tena kidogo na kukandamiza. Gundi ya pili inaikamata ya kwanza papo hapo. Haikupi nafasi ya kujirekebisha. Pezi la kwanza lilisimama limeinama upana wa unywele, akalibandua. La pili likateleza. Akachukua mfuko wa mchanga, akaegemeza kifundo cha mkono juu yake, akangoja mpaka mtetemo upungue kati ya pumzi na pumzi, akakandamiza, akahesabu mpaka thelathini. Mapezi manne, ambayo zamani yalimchukua saa moja, yalimchukua siku tatu. Lakini alipoitazama roketi kutoka mkiani aliona msalaba ulionyooka. Usiku huo alikula mara mbili.

Kisha zikaja kona. Pale pezi linapokutana na bomba, kila upande, hutiwa mchirizi wa gundi, ukavutwa kwa kidole mara moja bila kusita, mpaka utoke mbonyeo laini kama ndani ya kijiko. Mapezi manne yana kona nane. Hapo mfuko wa mchanga haukusaidia, kwa sababu mkono sharti uende, hauwezi kuegemezwa. Alivuta kona nane, na zote nane zikatoka na matuta kama barabara ya changarawe.

Angekuwa mtu mwingine kamletea kazi ile mezani, angemwambia anza upya. Yeye hakuanza upya. Alichukua lipu ya mbao, akajaza mabonde, akapiga msasa. Tuta likahamia mbele kidogo. Akajaza tena. Kisha akaja na rangi ya kuziba vinyweleo vya mbao. Sheria yake, aliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye turubai la klabu, ni kupaka mara tatu, na kupiga msasa kila inapokauka. Alipaka mara tatu. Matuta yalikuwa bado yapo. Si kwa macho, kwa kidole. Akapaka ya nne. Mei ikaisha akiwa kwenye ya tisa.

Twila alishuka siku moja na kikapu cha nguo za kufua, akasimama nyuma yake.

"Mzee, hiyo ni roketi au piano?"

"Inakaribia."

"Kukaribia kuwa piano?"

Alipaka mara kumi na nne. Juu yake akaweka nyeupe, na pezi moja jeusi, ili roketi ikijizungusha angani watu waone. Mwishoni mwa Juni alifumba macho, akapitisha kidole kwenye kona zote nane, na hakukuta kitu. Ilikuwa laini kama ndani ya shavu. Akafungua macho na kucheka peke yake, furaha ikamzidi mpaka akaona haya.

Ndipo akatia injini, akailaza juu ya kidole.

Mkia ukashuka. Akaisogeza mbele, mkia ukashuka tena. Alipofika mahali ilipotulia, kidole chake kilikuwa karibu kabisa na mapezi, mahali ambapo kwa roketi ya mtu yeyote asingeuliza swali la pili, angesema tu, "Rudi nayo." Akachukua karatasi, akapiga hesabu ya udongo wa kuchezea ambao angeweza kuusokomeza kichwani ili kuvuta uzito mbele. Ungetosha kuisawazisha, lakini roketi ingekuwa nzito kuliko nguvu ya injini. Akaikunja karatasi mara nne.

Ilibaki kamba. Hilo nalo analijua kila mtu wa klabu: unafunga kamba pale roketi inapolala sawa, unaibana kwa utepe wa gundi isiteleze, unaizungusha juu ya kichwa. Kichwa kikitangulia, ni salama. Mkia ukitangulia, rudi nayo. Hakuna ubishi. Lakini ile nyeupe ilihitaji wiki tatu ndipo ikomae, na utepe ungeibandua katikati ya tumbo, mahali macho yanapoanzia. Alisimama na kamba mkononi muda mrefu. Kisha akajiambia kwamba kidole chake kinatetemeka, na kidole kinachotetemeka hakiwezi kupima mizani. Ndiyo mara ya kwanza mtetemo ule kumfaa kwa lolote.

"Umeizungusha?" Twila aliuliza wakati wa chakula.

"Rangi haijakomaa."

"Sikuuliza rangi."

"Nisogezee viazi," alisema Wendell.

Jumamosi ya Julai ilikuja na joto kali na upepo mdogo. Ngano ilikuwa imevunwa, na maghala marefu ya nafaka ya mjini yalionekana kutoka malishoni kama yako hatua mia. Magari yalikuwa mengi kuliko kawaida, kwa sababu habari ya mkataba ilikuwa imezagaa. Wendell aliitoa roketi ndani ya taulo, akailaza mezani, akarudi nyuma hatua moja.

Watu wakasogea. Wapo walioinama mpaka pua ikakaribia kugusa. Lyle Buller alivua kofia, akapitisha ukucha kwenye kona ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane. Alitumia muda wake. Hakuwa mtu wa kuhadaika. Kisha akainuka.

"Sijawahi kuona kitu kama hiki," alisema, si kwa Wendell, kwa watu wote. Halafu akamgeukia. "Nilikosa, ndugu yangu. Meza ni yako mpaka uichoke mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akapiga honi ya gari. Wendell aliitikia kwa kichwa tu, kama ilivyo desturi ya wanaume wa kule, ila kifuani moyo ulikuwa ukicheza kama wa mtoto. Alikuwa amepata alichokitaka, na roketi ilikuwa bado haijaondoka mezani.

Mkaguzi hakagui roketi yake mwenyewe. Hiyo pia ilikuwa sheria yake. Kwa hiyo Janelle Ratzlaff akakaa kwenye kiti chake kwa dakika hizo.

Janelle ni daktari wa mifugo, ana miaka thelathini na minne, na mikono ambayo imevuta ndama wasiohesabika. Alipokuwa na miaka tisa Wendell alimrudisha mara tatu kwa pezi lile lile. Mara ya nne alikuja macho yamevimba na gundi kwenye nywele, Wendell akalitikisa pezi, akasaini, na tangu siku hiyo Janelle alimweka karibu na baba yake. Kumbishia hakuwahi.

Alitikisa mapezi. Akatazama kutoka mkiani. Akailaza roketi juu ya kidole, na uso wake ukabadilika. Wendell aliuona ukibadilika. Janelle aliitazama kamba iliyoning'inia kwenye mlingoti wa turubai, akautazama utepe wa gundi, akaitazama ile rangi, kisha akawatazama watu waliokuwa bado wanampongeza Lyle kwa uungwana wake.

"Mzee Wendell," alisema polepole. "Uliizungusha nyumbani?"

"Unaonaje wewe?"

Hakusema uongo, na hakusema kweli. Janelle akachukua kalamu nyekundu. Akasaini kadi.

Kutoka mezani hadi kwenye fimbo za chuma za kurushia ni hatua sitini. Wendell alizitembea akiwa ameibeba roketi kwa mikono miwili, na nyuma yake Lyle alikuwa ameshika kipaza sauti akitangaza kwamba hii ni ya kwanza kutoka kwa Wendell Froese baada ya miaka minne, na kwamba wenye kamera wakae tayari. Aliitia roketi kwenye fimbo. Akainama kuunganisha waya wa kuwashia injini, na kadi ikawa mbele ya macho yake, na jina la Janelle limeandikwa vizuri kwa wino mwekundu.

Hasira ikampanda. Kwanza ilimwelekea Janelle. Ameisikia kwa kidole chake, aliwaza, ameisikia waziwazi, na amesaini. Kama amesaini hii, atasaini ya nani mimi nikiwa kaburini? Alibaki ameinama na waya mkononi, akimlaumu yule binti, mpaka lawama zikamwishia na akabaki na yeye mwenyewe. Akageuka kutazama watu. Walikuwa safu mbili za viti, na mbele yao mama kijana alikuwa ametandika blanketi na watoto wawili. Wote walikuwa wakiitazama roketi. Twila peke yake, chini ya kofia yake ya jua, alikuwa akimtazama yeye.

Akaitoa roketi kwenye fimbo.

Watu walidhani waya umekataa. Ilikuwa kawaida. Lakini alipita boksi la waya bila kusimama, akaenda moja kwa moja mpaka mezani.

"Kamba," alimwambia Janelle.

"Mzee, rangi ita—"

"Kamba, Janelle."

Akaibandika yeye Janelle, maana Wendell wakati huo hangeweza kubandika hata stempu. Wakatoka nje ya turubai. Janelle akaanza kuizungusha, polepole, halafu kwa nguvu. Mzunguko wa kwanza roketi ilipepesuka. Wa pili ikalala ubavu. Wa tatu mkia ukatangulia, na ukaendelea kutangulia, mapezi yale mazuri mbele na kichwa nyuma, mzunguko baada ya mzunguko, na hakuna mtu pale malishoni ambaye hakujua maana yake. Kipaza sauti cha Lyle kilikuwa kimesahauliwa wazi. Kilitoa mvumo tu.

Janelle alipoubandua utepe, ukaja na ukanda wa nyeupe upana wa vidole viwili.

"Sema," alisema Wendell.

"Siwezi."

"Nilikuambia mara tatu ukiwa na miaka tisa. Ulikufa?"

"Nililia."

"Basi lia, halafu useme."

Janelle akalia kweli, kidogo, akijifuta kwa mgongo wa mkono. "Rudi nayo," alisema.

Wendell akaipokea. Akamtafuta Lyle kwa macho. "Nimepaka mara kumi na nne," alimwambia, kwa sauti ambayo wa nyuma walisikia. "Sheria ni tatu. Unajua zile kumi na moja zilikuwa zinafunika nini?" Akaunyoosha mkono wa kulia mbele yake, akauacha. Ulitetemeka mbele ya watu wote, bila mfuko wala meza ya kuuficha. "Uzito wote ule mkiani ni huu hapa. Niliujazia lipu."

Lyle alikohoa. "Wendell, mtu anayerudi nayo mwenyewe ndiye hasa tunayemtaka hapo mezani. Mimi kwa upande wangu—"

"Nimerudi nayo kutoka kwenye fimbo, Lyle. Nilitakiwa nirudi nayo kutoka nyumbani. Nilijua tangu Juni."

Watu wengine waliangalia viatu vyao. Hapakuwa na dharau pale, hilo lazima lisemwe. Ilikuwa huruma, na Wendell angeipokea dharau kwa urahisi zaidi.

"Mimi nimesaini," alisema Janelle. "Nami sifai."

"Utasaini tena kwa kuona haya?"

"Hapana."

"Nikija mimi?"

Alifikiri kabla ya kujibu, na hilo lilimpendeza Wendell. "Hata ukija wewe," alisema.

"Basi kaa. Foleni inakungoja."

Akakaa. Aliyefuata alikuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari, na roketi ya kijani ambayo hata mimi naweza kusema ilikuwa imepakwa kwa haraka. Akajaribu mzaha, akauliza kama na yake itabidi izungushwe siku hiyo. Janelle alikuwa ameshaishika kamba.

Wendell alitembea hadi kwenye viti. Hakuwa na kiti. Kwa miaka yote hakuwahi kuja na kiti upande ule. Twila akasukuma sanduku la vinywaji kwa mguu, Wendell akaketi juu yake, roketi mapajani.

"Twende nyumbani?" Twila aliuliza.

"Ngoja kidogo."

Walikaa. Twila alimpa chupa ya maji, akamshikia mpaka akanywa. Moyo ulikuwa unamuuma Wendell kama ulivyomuuma siku alipozikwa kaka yake, na aliuacha uume. Kule mbele, Lyle alikuwa ameanza kuhesabu kurudi nyuma kwenye kipaza sauti, na watoto wa kwenye blanketi walikuwa wakihesabu pamoja naye. Walipofika moja, ile ya kijani ya mwalimu ilichomoka kwenye fimbo kwa mlio mkali, ikaacha uzi mweupe wa moshi, ikaenda, ikaenda, ikawa nukta, na bado ikaenda.

Wendell alikuwa ameinua uso mpaka kofia ikamwanguka.

"Twila," alisema. "Hivi huwa zinafika juu kiasi hiki?"

Twila akamgeukia. "Miaka ishirini na sita hujawahi kuangalia?"

"Ningeangalia saa ngapi?" alisema Wendell, macho yangali juu. "Kila moja ikipaa, nilikuwa nimeshika inayofuata."